Mesaje si makuta: angalia solde kwanza

Bafla mbili, ampli moja ya Yamaha, mikser ndogo na mikro mbili: ndivyo vyombo ambavyo sendika yetu hapa Kolwezi iliuzisha kwa Facebook. Vilinunuliwa na michango ya wachimbaji, kila mtu kidogo kidogo siku ya malipo. Lakini umeme ukikatika vilinyamaza katikati ya mkutano, njo maana tulitaka bafla ya batri. Tuliandika bei: dolari 350.

Mtu wa tatu kutuandikia hakuuliza kitu. Hakuuliza kama ampli ingali inatoa sauti, hakuomba kupunguziwa. Mtu gani wa huku kwetu ananunua bila kujadiliana bei? Pale njo tulipaswa kushtuka. Alisema yuko Lubumbashi, atatuma makuta kwa simu, na kijana wa moto atakuja kuchukua vyombo saa ileile.

Mesaje ikaingia: tumepokea dolari 450. Hapohapo akapiga simu, sauti ya haraka: «Ba papa, nimekosea, nimetuma mia moja ya zaidi. Mumupe ule kijana mu mukono, ni makuta ya hospitali.» Kijana amekwisha kufika mlangoni, moto inanguruma. Tunasema kwa haya: wawili wetu walikuwa tayari wanafunga kamba kwenye bafla. Mama mtunza makuta njo alikataa. Alifungua menyu ya simu, akaweka kode yake, akaangalia solde: dolari 12, zilezile za jana. Mesaje ilitoka kwa numero ya kawaida ya +243, wala haikuingia pamoja na mesaje za zamani za huduma. Kijana alipoona tunasoma polepole, akaondoka. Labda naye alitumwa tu.

Basi makuta ni yale unayoyaona mwenyewe kwenye solde. Hata mesaje ikija na jina la huduma, jina linaweza kuigwa. Na «ya zaidi» usirudishe mkononi. Aliyekosea aende kwa huduma yake, warekebishe wao.

Mwingine alituma linki, eti tuingize kode ya siri ili tupokee malipo. Kode ni ya kutoa makuta. Kupokea hakuombi kode.

Wizi wa uso kwa uso nao uko. Mtu anabeba ampli nzima, kesho anarudisha iliyoungua ya aina ileile, anadai makuta yake. Kwa hiyo tuliandika numero ya fabrikasi iliyo nyuma, tukapiga picha, tukajaribisha pande zote mbili mbele ya mnunuzi, naye akatia sinyatire kwenye karatasi. Mesaje za wezi hatukufuta: Code du numérique ya 2023 inaadhibu udanganyifu wa namna hii, na bila mesaje utapeleka nini polisi?

Aliyenunua mwishowe ni kiongozi wa kwaya. Alikuja saa sita mchana kwa biro yetu, akaimba ndani ya mikro, akajadiliana karibu saa mbili nzima, akatoa dolari 290 mkononi. Mama mtunza makuta alizihesabu mara mbili, akamrudishia noti moja ya 20 iliyopasuka kidogo pembeni. Mzee alicheka, akatoa ingine.