Acheni Kumtegemea Mstaafu Mwenye Bastola

Kila shule ya Marekani inaposhambuliwa, kabla hata majina ya waliouawa hayajatangazwa, naanza kuulizwa: “Mtaalamu, taifa lenye mamilioni ya wanajeshi wastaafu linashindwaje kuweka wawili wawili kwenye kila geti, na bunduki zao?” Wazee wa barazani huniuliza, vijana wenye ndugu zao Minneapolis na Columbus huniuliza, na juzi kaniuliza mwalimu mkuu ninayemheshimu sana. Wote wanadhani Wamarekani hawajaliwaza jambo hilo. Wameliwaza, wamelitungia sheria, na pesa zimekwisha kutoka.

Tarehe 21 Desemba 2012, wiki moja baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule ya Sandy Hook, Connecticut, Wayne LaPierre wa NRA, chama kikuu cha wenye bunduki, alisimama mbele ya waandishi akataka kila shule ipewe mlinzi mwenye silaha. Kati ya aliowataja kuwa wangefaa walikuwa polisi na wanajeshi wastaafu. New Jersey ikapitisha sheria mwaka 2016 ya kuwachukua polisi wastaafu wasiozidi umri wa miaka 65. Florida ikafuata mwaka 2018, ikaanzisha walinzi wa shule wanaopewa mafunzo ya saa 144. Texas mwaka 2023 ikaamuru kila shule ya umma iwe na askari mwenye silaha, na serikali ya jimbo ikatoa dola 15,000 kwa shule pamoja na dola 10 kwa kila mwanafunzi. Fedha hizo hazikutosha hata mshahara wa mwaka wa askari mmoja. Hapo ndipo jina la mstaafu linapoanza kutajwa vikaoni. Ana pensheni yake tayari, hadai makubwa, na picha yake akiwa na sare inawapendeza wazazi. Ubora wake ni habari nyingine.

Na tuutazame huo ubora, maana unanadiwa kama dawa ya mganga wa mnadani: jino, mgongo na mapenzi, chupa moja. Tunaambiwa mstaafu atamtisha mshambuliaji asije, na akija atamzima.

Kumtisha nani? Wanaoshambulia shule za Marekani kwa kawaida ni wanafunzi wa shule ile ile au waliowahi kusoma hapo. Idara ya Ulinzi wa Rais, ile Secret Service, pamoja na Wizara ya Elimu walichambua mashambulizi 37 na kutoa ripoti mwaka 2002: asilimia 78 ya washambuliaji walikuwa wamewahi kutaka kujiua au kufikiria kujiua. Mtu aliyekuja kufa unamtishia kifo? Shule ya Columbine, iliyoshambuliwa Aprili 1999, ilikuwa na askari wake mwenye silaha, na vijana wawili walioishambulia walikuwa wanafunzi wa hapo. Walijua yupo. Askari mwenyewe alirushiana risasi na mmoja wao kule nje, kwa umbali wa mita hamsini na kitu, na hakumpata mtu. Siku hiyo waliuawa wanafunzi 12 na mwalimu mmoja.

Kuhusu kumzima mshambuliaji ndiko wasomaji wangu wanakokuwa wabishi, na ninajua ubishi huo wameutoa wapi: kwenye sinema. Katika sinema mzee aliyepigana Vietnam anasikia mlio, anaweka kikombe chini, anapiga risasi moja. Sasa sikilizeni hesabu halisi. Shirika la utafiti la RAND lilikagua rekodi za polisi wa New York za kuanzia 1998 hadi 2006, likakuta kwamba askari wanaporushiana risasi na mtu anayewajibu, ni asilimia 18 tu ya risasi zao zinazompata. Hao ni askari walio kazini, wanaofanya mazoezi kwa fedha za jiji kubwa kuliko yote Marekani. Polisi mstaafu anaruhusiwa na sheria ya taifa ya mwaka 2004 kubeba bastola yake nchi nzima kwa sharti, pamoja na mengine, la kufaulu jaribio la shabaha mara moja kwa mwaka. Kwenye jaribio hilo anapiga karatasi iliyosimama tuli. Haipigi kelele wala hairudishi risasi, na hakuna watoto mia mbili wanaokimbia mbele yake. Risasi zake nyingine, zile zisizompata mlengwa, mnadhani zinaishia wapi ndani ya korido ya shule?

Halafu kuna suala la silaha yenyewe. Bunduki ya AR-15 inatoa risasi kwa mwendo unaozidi mita 900 kwa sekunde, na bastola ya kawaida ya kiunoni haifiki mita 400. Anayekuja amejiandaa wiki kadhaa, pengine na fulana ya kuzuia risasi. Mlinzi ameandaliwa na ratiba ya zamu. Tutoke kidogo mlangoni mwa shule, twende dukani. Mei 2022, katika supamaketi ya Tops mjini Buffalo, mlinzi alikuwa Aaron Salter, polisi mstaafu wa mji huo huo. Hakukimbia wala kusitasita. Alimlenga mshambuliaji na akampiga kweli. Risasi ikaishia kwenye fulana. Mshambuliaji akamuua Salter na kuendelea, na waliokufa walifika 10. Kila sifa mnayoidai kwa mstaafu, Salter alikuwa nayo.

Mkitaka mfano wa shule, upo. Santa Fe, Texas, Mei 2018: mmoja wa askari wa shule alikuwa amestaafu kutoka polisi ya Houston. Aliposogea kumkabili mwanafunzi aliyekuwa na bunduki aina ya shotgun, alipigwa yeye, akanusurika kwa tabu. Watu 10 waliuawa. Miezi mitatu kabla, huko Parkland, Florida, askari mwenye zaidi ya miaka 30 kazini alibaki nje ya jengo wakati watu 17 wanauawa ndani kwa muda wa dakika chache. Alishtakiwa, na mwaka 2023 baraza la mahakama likamwachia huru kwa mashtaka yote. Watu walimwita mwoga. Mimi woga wake haunishughulishi. Kinachonishughulisha ni mpango wa usalama unaoegemea dhana kwamba binadamu mmoja, siku moja katika miaka thelathini, hataogopa.

Na hao “wanajeshi”! Mnaposema mwanajeshi mstaafu mnamwona komando. Kazi nyingi za jeshi la Marekani ni za ufundi, usafirishaji, mawasiliano, tiba, stoo na jikoni. Ukimwajiri mstaafu bila kuuliza alikuwa nani, unaweza kuwa umeajiri fundi rada hodari sana. Hata aliyepigana kwa kweli alipigana ndani ya kikosi, na mwenzake kulia, mwenzake kushoto, simu ya upepo mgongoni na adui upande unaojulikana. Shuleni atakuwa peke yake, adui ana miaka 15, amevaa kama watoto wengine wote, na risasi hazijulikani zinalia jengo lipi. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na kuijua ile ya kwanza hakumaanishi kuijua hii.

Wapo wanaosema basi tuongeze idadi. Uvalde, Texas, Mei 2022, walifika askari 376. Mia tatu sabini na sita! Zilipita dakika 77 kabla mlango haujafunguliwa na mshambuliaji kuuawa, na watoto 19 na walimu 2 walipoteza maisha.

Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Jillian Peterson na James Densley walichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani uchambuzi wa matukio 133 ya kuanzia 1980 hadi 2019. Karibu robo yalitokea penye mlinzi mwenye silaha. Baada ya kuzingatia mambo mengine, kama ukubwa wa shule na aina ya bunduki, kiwango cha vifo penye mlinzi kilikuwa mara 2.83 ya pale asipokuwepo. Msinirukie: hiyo haithibitishi kwamba mlinzi ndiye anayesababisha vifo. Lakini ukiniletea dawa, na waliopewa hawaonyeshi nafuu yoyote, kazi ya kuthibitisha kwamba inatibu ni yako.

Haki nayo itendeke. Dixon, Illinois, mwaka 2018, polisi wa shule alimzima kijana aliyeanza kufyatua. Apalachee, Georgia, Septemba 2024, askari wawili walimfikia mshambuliaji wa miaka 14 naye akajisalimisha, ingawa watu 4 walikuwa wamekwisha kuuawa. Hao walikuwa askari walio kazini, wanaoijua ile shule, na kule Apalachee walimu walikuwa na vitambulisho vyenye kitufe cha kuitia msaada. Wanaonitumia mifano hii hukitaja kitufe kwa nadra sana.

Sasa, kinachofanya kazi. Sitakaa hapa sana kwa sababu hakuna uchawi wowote. Mshambuliaji husema kabla. Ile ripoti ya 2002 ilikuta kwamba katika matukio manne kati ya matano, kuna mtu aliyejua mapema, na mara nyingi ni mwanafunzi mwenzake. Huko Oxford, Michigan, Novemba 2021, mwalimu aliona asubuhi mchoro wa bunduki na mtu anayevuja damu, pamoja na maneno ya kuomba msaada. Wazazi wakaitwa, wakakaa na mshauri nasaha, kikao kikaisha. Begi la mtoto lilikuwa palepale na hakuna aliyelifungua. Akarudi darasani, na baadaye wanafunzi 4 wakafa. Kufungua zipu kungechukua sekunde ngapi? Wazazi wote wawili walitiwa hatiani mwaka 2024, kwa sababu bunduki ilitoka nyumbani, kama zinavyotoka nyingi.

Kwa hiyo shule ziunde timu ya kupima vitisho, kama Virginia ilivyoamuru mwaka 2013. Pawe na namba ya siri ya kutoa taarifa, kama ile Colorado iliyoianzisha baada ya Columbine. Bunduki za nyumbani zifungiwe kwenye kasha. Na milango ijifunge: Uvalde kitasa cha chumba 111 kilijulikana ni kibovu na hakuna aliyeagiza fundi, milango mingine ilikuwa ikiegeshwa kwa mawe, na walimu wa muda walishauriwa kutumia sumaku ili isijifunge. Fundi vitasa hapigiwi makofi bungeni, lakini ningemwajiri yeye kwanza.

Najua msomaji wa Kenya atanitajia Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliouawa. Pale lilikuja kundi la al-Shabaab lenye silaha za kivita, na walinzi wa langoni ndio waliouawa kwanza. Mzee mwenye bastola asingebadilisha kitu. Kwenye mabweni yetu kinachoua watoto mara kwa mara ni moto: Kyanguli 2001 wavulana 67, Hillside Endarasha 2024 wavulana 21. Pesa ya mlinzi mwenye silaha ing'oe kwanza nondo za madirishani.

Kama bodi ya shule yenu huko Ohio au Texas imeshaamua na hamnisikilizi, basi fanyeni haraka haya. Mchukueni askari aliye kazini kabla ya mstaafu. Mstaafu apimwe macho, moyo na akili kila mwaka, na rekodi yake ya ugomvi wa nyumbani isomwe. Afundishwe kuingia peke yake, ndani ya majengo yale yale, akiwa na redio ya polisi wa eneo na fulana ya kuzuia risasi mwilini. Asipewe kazi ya kuadhibu watoto watoro. Silaha haivuliwi muda wote wa zamu, hata chooni, na anayeivua mkataba wake umekwisha siku hiyo hiyo: mwaka 2023 mkuu wa wilaya moja ya shule huko Texas aliisahau bastola yake chooni, na aliyeikuta ni mtoto wa darasa la tatu.