Lita Moja Haibadilishi Ekari

Msimu wa kupanda ngano ukikaribia, kuanzia Mau Narok hadi Molo swali ni lile lile: "Chokaa ya maji, lita ngapi kwa ekari?" Anayeuliza ameshaaminishwa na mchuuzi kwamba chupa moja kwenye bomba la kunyunyizia inafanya kazi ya tani nzima ya chokaa ya unga, bila lori wala vibarua. Ingekuwa kweli, Koru wangeshafunga machimbo ya mawe ya chokaa.

Tupige hesabu. Udongo wa ekari moja, sentimita 15 za juu peke yake, una uzito wa tani 600 au zaidi. Asidi ambayo chokaa inatakiwa kuipunguza nayo haielei tu kwenye unyevu. Nyingi imeng'ang'ania chembe za udongo na mboji, na ukiipunguza iliyo kwenye maji, iliyoshikiliwa huachiliwa ikaziba pengo. Ndiyo maana chokaa hupimwa kwa tani. Sasa hiyo ya chupa ni nini? Kwa kawaida ni mawe yale yale ya chokaa, yamesagwa laini mno na kukorogwa na maji. Lita ikibeba kilo moja imejitahidi. Kilo moja, tani 600! Kusaga laini huharakisha kazi, hakuongezi chokaa. "Lakini nilipima, pH ikapanda." Ulichota udongo wa juu juu, pale pale uliponyunyizia. Mizizi iko chini, na huko pH ikiwa chini ya 5.5 alumini huanza kuyeyuka, mizizi inadumaa na kuvimba ncha, na fosforasi uliyoinunua kwa bei kali inafungwa udongoni.

Cha kufanya ni hiki, kwa ufupi. Chota udongo sehemu 15 hivi za shamba, changanya, peleka maabara ya udongo ya KALRO au Chuo Kikuu cha Egerton, na uulize kiasi cha chokaa kinachohitajika, si pH tu. Nunua chokaa ya unga laini, umwage miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, uuchanganye kwa haro. Pesa hazitoshi? Tibu ekari chache kikamilifu. Mbolea bado utaweka, ila DAP mwaka nenda mwaka rudi huzidisha asidi. Ya kukuzia, chagua CAN. Na wewe unayelima bondeni karibu na Elementaita, usimwage hata gunia kabla ya kupima: huko udongo huenda una magadi tayari.