DAC ya USB ya bei ndogo: angalia umeme mbele ya namba

Wandugu, muziki ndani ya kompyuta ni namba tu. DAC ni kale kasanduku ka kugeuza namba kuwa sauti ya spika. Mu kununua, usibabaishwe na "384 kHz": CD yenyewe ni 44,1 kHz, biti 16, na inatosha masikio yetu.

Shida kubwa ni umeme, zaidi kwetu Kalemie kwenye tunatumia groupe na pano za jua. Waya ya USB inaleta muziki pamoja na kelele za umeme. Ukisikia "vuuu", usitupe kasanduku: chomoa sharjeri, sikiliza kwa betri. Kelele ikiisha, DAC iko nzima, badilisha sharjeri. Makuta itakayobaki, weka kwenye spika.