Siku mbabe wa Highbury alipokiri pombe imemshinda

LONDON, ENGLAND

JUNI 15, 1996, Uwanja wa Wembley. England inaongoza 1-0 dhidi ya Scotland kwenye Euro, kipa David Seaman ametoka kupangua penalti ya Gary McAllister. Kabla Waskoti hawajamaliza kushika vichwa, Paul Gascoigne anaupitisha mpira juu ya beki Colin Hendry kwa mguu wa kushoto, anauwahi upande wa pili na kuubamiza wavuni kwa wa kulia hata haujagusa nyasi.

Bonge la bao. Kisha Gazza analala chali, anatanua mikono na kufumbua mdomo, wenzake wanakimbilia chupa na kummiminia maji.

Walikuwa wanawajibu waandishi wa habari. Wiki chache kabla ya mashindano, baadhi ya wachezaji wa England walinaswa kwenye picha wakiwa baa huko Hong Kong, jezi na mashati yamechanika, wakikalishwa kwenye kiti cha daktari wa meno na kumwagiwa pombe kali kooni. Nchi nzima ilikuja juu. Gazza alipofunga, nchi hiyohiyo ikacheka na kusamehe. Mwanaume anakunywa, anafunga, mchezo umeisha.

Nahodha wa timu ile aliitwa Tony Adams. Mashindano yote alijizuia, hakugusa kinywaji. Aliyekuwa anamjua alijua hiyo kwake ni kazi ngumu kuliko kumkaba Jurgen Klinsmann.

Mashabiki wengi wa Arsenal hapa Bongo waliipenda timu enzi za Thierry Henry na kikosi kisichofungwa. Adams wanamjua kama sanamu ile ya nje ya Emirates, mikono imetanuliwa. Wengi hawajui kwamba jamaa huyo aliwahi kuwa mlevi wa kutupwa, tena mlevi anayepigiwa makofi.

Kocha George Graham alimpa kitambaa cha unahodha mwaka 1988 akiwa na miaka 21 tu. Mwaka uliofuata akabeba ubingwa Anfield, usiku ule wa bao la jioni kabisa la Michael Thomas. Mrefu, mgumu, mwenye sauti. Anapanga mabeki wenzake kwenye mstari mmoja, mkono juu kumwonyesha mwamuzi kuwa mtu kaotea, na mara nyingi mwamuzi anakubali.

Nje ya uwanja palikuwa na utaratibu wake. Jumatano ilikuwa mapumziko, hivyo Jumanne wakitoka mazoezini kundi zima linaelekea baa, na mtungi unapigwa hadi watu hawajui njia ya nyumbani. Walijiita klabu ya Jumanne. Kwa miaka ile haikuwa siri wala aibu. Ilionekana ndiyo inayojenga timu, na asiyekunywa ndiye aliyekuwa na maswali ya kujibu.

Adams alikuwa kinara huko pia. Mei 1990 aliendesha gari akiwa amelewa zaidi ya mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa, akaligonga. Desemba akahukumiwa kifungo cha miezi minne na akakaa ndani nusu ya muda huo. Arsenal msimu ule ilipoteza mechi moja tu ya ligi, dhidi ya Chelsea, na siku hiyo nahodha alikuwa gerezani.

Alipotoka alikabidhiwa kitambaa chake, timu ikatwaa ubingwa, mambo yakaendelea. Ungedhani jela ingemfundisha mtu. Ilimwongezea jina tu. Aliwahi kuanguka ngazini kwenye klabu ya usiku akashonwa nyuzi 29 kichwani. Yeye na Ray Parlour waliwahi kuwapulizia wateja wa mgahawa wa piza mtungi wa kuzimia moto. Kuna mechi, amekiri mwenyewe, aliingia uwanjani pombe ikiwa haijamtoka. Watu walicheka, wakasimuliana, wakamwona mwanaume kweli.

Shida ya sifa za namna hiyo ni kwamba anayesifiwa hawezi kuomba msaada. Utamwambia nani kuwa unaogopa, wakati kazi yako ni kuwatisha wengine?

Juni 26, 1996, England ilitolewa na Ujerumani kwa penalti, nusu fainali. Gareth Southgate akakosa, na kila mtu anakumbuka hilo. Adams akaenda kunywa. Alikunywa kwa takriban wiki saba. Agosti 16, Ijumaa jioni, akashusha glasi ambayo amesema ndiyo ya mwisho.

Hapo ndipo inapoanza sehemu ambayo haina video wala makofi. Septemba, kwenye uwanja wa mazoezi, nahodha aliwakusanya wenzake na kuwaambia kuwa yeye ni mlevi, ni mgonjwa, na anahitaji msaada. Pata picha ya chumba kile. Wengi wao ni washikaji zake wa Jumanne. Anasimama mbele yao anasema kile kitu ambacho wote walikuwa wanakiita ushujaa kinamuua.

Kabla yake Paul Merson alishafanya hivyo mwaka 1994, akakiri pombe, kokeini na kamari, na akalia mbele ya kamera. Wapo waliomwona dhaifu. Aliposema nahodha, maneno yalipungua.

Wiki chache baadaye akaja Arsene Wenger, Mfaransa mwembamba mwenye miwani. Akabadilisha chakula, akaleta mazoezi ya kunyoosha viungo. Kila mtu anampa Wenger sifa za mapinduzi yale, na ni haki yake. Lakini kocha mgeni angeanzia wapi kama nahodha bado angekuwa anaongoza msafara wa kwenda baa?

Desemba 1997 Arsenal ilifungwa 3-1 na Blackburn nyumbani. Kifundo cha mguu wa Adams kilikuwa kibovu. Zamani angefunga bandeji, akameza dawa, akacheza na kupoza maumivu kwa bia. Safari hii alisema ukweli kuwa hawezi. Wenger akampumzisha, akaenda Ufaransa kujitibu. Aliporudi Arsenal ilianza kuifukuzia Manchester United.

Mei 3, 1998, Highbury, Arsenal inaongoza 3-0 dhidi ya Everton, ubingwa umeshaiva. Steve Bould, beki wa kati, anapiga pasi ya juu ya kiungo fundi. Anayeikimbilia ni beki wa kati mwenzake. Kifua, halafu shuti la kushoto, 4-0. Adams hakuruka wala kuvua jezi. Alisimama, akatanua mikono, akafumba macho. Ndiyo sanamu ile.

Gazza mwaka huohuo alikatwa kwenye kikosi cha Kombe la Dunia, akavunja vitu chumbani kwa kocha Glenn Hoddle. Miezi michache baada ya bao lake la Wembley alikuwa amempiga mkewe hotelini, jambo alilolikiri mwenyewe, na siku chache baadaye akawa uwanjani na Rangers kama kawaida. Waliommiminia maji mdomoni hawakuwepo chumbani. Alikuwa na kipaji kikubwa kuliko Adams, hilo halina ubishi, na miaka mingi baadaye amekuwa akiingia na kutoka kwenye matibabu ya ulevi. Si mtu wa kuchekwa. Alichekewa vya kutosha alipokuwa anahitaji mtu wa kumkatalia.

Adams alistaafu 2002 akiwa na mechi 669 za Arsenal na mataji mawili ya ligi aliyobeba bila kulewa, akiwa nahodha wa mabingwa katika miongo mitatu tofauti. Alijifunza piano. Mwaka 2000, angali anacheza, alianzisha kituo cha Sporting Chance kwa ajili ya wanamichezo waliozama kwenye pombe, dawa za kulevya na kamari. Wanaingia pale vijana wenye magari ya kifahari na mamilioni ya wafuasi mtandaoni, na mtu wa kwanza aliyepita njia hiyo alikuwa beki mwenye mikwara kuliko wao.

Mwaka 2022 Waingereza walimwona tena kwenye televisheni, shindano la kucheza dansi, akiwa na miaka zaidi ya 50 na nguo za kumetameta. Alicheza vibaya kwelikweli, huku anacheka. Alijitoa Novemba, msuli wa paja umemuuma, na safari hii pia alisema.