UZI: Jiko la makaa, chemba ya oksijeni na ahadi za siasa

1/ Kila baridi ikiingia tunasikia familia imelala na jiko ndani, na mjadala unarudi palepale: "Kaunti inunue chemba ya oksijeni!" Wengine: "Hiyo ni njia ya kula pesa tu." Kabla tushikane mashati, tuelewe kitu chenyewe.

2/ Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na hushika hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ubongo unakosa hewa mtu akiwa usingizini.

3/ Na kuamka si kupona. Wengine huruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa sawa, halafu siku au wiki kadhaa baadaye wanaanza kusahau, kubadilika tabia, hata kutembea kwa shida.

4/ Kwenye chemba, mgonjwa hupumua oksijeni tupu kwa shinikizo mara 2 hadi 3 ya kawaida. Kwa hewa yetu hii, nusu ya sumu hutoka damuni kwa saa 4 hadi 5 hivi. Kwa barakoa ya oksijeni, kama saa 1 na kitu. Kwa chemba, dakika 20 na kitu.

5/ Je, inaokoa ubongo? Utafiti wa Marekani wa 2002, wagonjwa 152: baada ya wiki 6, asilimia 25 ya waliotibiwa kwa chemba walikuwa na shida za ubongo, dhidi ya 46 ya waliopewa oksijeni ya kawaida. Ule wa Australia wa 1999 haukuona faida. Kwa hivyo "muujiza" na "utapeli" yote ni maneno ya jukwaani.

6/ Mimi ningeanza na barakoa. Afya iligatuliwa 2013, so muulize gavana na MCA wako: hospitali yetu ina oksijeni saa nane usiku? Wahudumu wanajua kuwa kile kipimo cha kidoleni husoma sumu hii kama oksijeni?

7/ Mbunge naye muulize kuhusu gesi. VAT ya gesi ya kupikia ilirudi kwa asilimia 16 Julai 2021, ikashuka hadi 8 mwaka wa 2022, ikaondolewa 2023. Kila ikipanda, kuna nyumba inarudi kwa makaa.

8/ Kwenu hospitali iliyo karibu ina oksijeni? Niambieni hapa chini, mtaje kaunti.