Huruma ya Mtazamaji na Damu ya Aliyeuawa: Filamu Zinazoigiza Kesi za Kweli

Utangulizi

Filamu inayoigiza kesi ya kweli ya jinai humweka mtazamaji katika kiti cha hakimu, lakini humpa ushahidi ambao umekwisha kuchaguliwa na mtu mwingine. Watu wetu, iwe Zinga, Bagamoyo au mijini, hutazama filamu za namna hii katika vibanda vya video, majumbani na katika simu, kisha hutoa hukumu: huyu alionewa, yule alistahili. Mchungaji hana budi kufahamu jinsi hukumu hiyo inavyotengenezwa. Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano unaoihusu pwani yetu yenyewe.

Kesi ya Carl Peters

Mnamo Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alivuka kutoka Unguja hadi Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, akaingia bara kutafuta mikataba katika Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami. Mikataba hiyo ikawa msingi wa madai ya Ujerumani juu ya nchi hii. Mwaka 1891 alikuwa kamishna wa serikali huko Kilimanjaro, makao yake yakiwa Marangu. Mwaka huo aliamuru mtumishi wake Mabruk anyongwe. Mwanzoni mwa 1892 aliamuru anyongwe pia Jagodja, msichana aliyewekwa nyumbani mwake kama suria, ambaye alikuwa amejaribu kutoroka. Wengi waliona kwamba sababu halisi ilikuwa wivu, kwa kuwa Mabruk alidhaniwa kuwa na uhusiano na mmoja wa wanawake wa nyumba ile.

Mwaka 1896 mbunge August Bebel aliyafichua mambo hayo katika Bunge la Ujerumani, na mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimfukuza Peters katika utumishi wa serikali. Hata hivyo hakushtakiwa kamwe kwa kosa la kuua. Huku kwetu alibaki na jina la Mkono wa Damu. Peters alifariki mwaka 1918. Mwaka 1937 Hitler alimsafisha jina lake, na mwaka 1941 ikatolewa filamu iliyoitwa kwa jina lake, Carl Peters, chini ya uongozaji wa Herbert Selpin.

Jinsi huruma inavyogeuzwa

Filamu hiyo ilitumia njia ambazo hata leo hutumika katika filamu zisizo na nia mbaya kama yake.

Kwanza ni sura. Nafasi ya Peters ilichezwa na Hans Albers, mmoja wa waigizaji waliopendwa kupita wote Ujerumani. Mtazamaji aliingia ukumbini akiwa tayari anampenda mshtakiwa.

Pili ni mahali pa kuanzia. Hadithi inaanza na kijana mwenye ndoto kwa ajili ya taifa lake. Kwa hiyo, kunyongwa kwa watu kunapofika, kunaonekana kuwa hatua chungu ya kulinda kazi njema. Hadithi hiyo hiyo ingeanzia Marangu, usiku Jagodja alipotoroka, mtazamaji angemwogopa yule ambaye sasa anamhurumia.

Tatu ni sauti. Peters anapewa nafasi ndefu ya kujitetea, na wanaomshtaki wanachorwa kuwa wasaliti, kwa chuki ya wazi dhidi ya Wayahudi. Waliouawa hawana la kusema. Asiyepewa neno katika filamu hahurumiwi, kwa maana hatumjui.

Katika filamu hiyo kiongozi wa msafara, mwaminifu kwa Peters, aliigizwa na Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, aliyewahi kuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin. Mwaka huo huo wa 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen pasipo kuhukumiwa na mahakama yoyote. Alifia humo mwaka 1944. Filamu iliyomtaka awe mtumishi mwaminifu haikumkinga.

Tusidhani kwamba hatari hii ni ya propaganda peke yake. Bwana Erroll, mlowezi wa Kenya, aliuawa kwa risasi karibu na Nairobi mwaka 1941. Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa na mahakama ikamwachilia. Filamu ya White Mischief ya mwaka 1987 inamwonyesha kuwa ndiye muuaji. Basi filamu ya kwanza ilimsafisha aliyetiwa hatiani, na ya pili ilimtia hatiani aliyeachiliwa.

Mfano wa nabii Nathani

Je, Mkristo aepuke masimulizi ya namna hii? Maandiko hayatufundishi hivyo. Katika 2 Samweli 12 Nathani naye anaigiza kesi ya kweli, yaani kuuawa kwa Uria, kwa hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake. Yeye pia anaongoza huruma ya msikilizaji. Lakini anaielekeza kwa aliyedhulumiwa, na hakimu anapokwisha kukasirika anaambiwa kwamba mshtakiwa ni yeye. Nathani alitumia huruma kumfikisha mfalme kwenye kweli. Filamu ya Selpin ilitumia huruma kumfichia mtazamaji kweli.

Amri ya Nane, kwa hesabu ya Katekisimo Ndogo, inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na Luther anatuagiza pia kumtetea. Mshtakiwa ni jirani yetu. Tunaitwa kumtembelea gerezani na kutomhukumu kwa uvumi. Lakini Mabruk na Jagodja ni jirani zetu vilevile, na wao hawawezi tena kujitetea. Kumhurumia mmoja kwa kumsahau mwingine si upendo mkamilifu.

Hitimisho

Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro, mwaka mmoja tu baada ya kifo cha Jagodja. Kanisa letu katika miteremko ile lilipandwa katika udongo uliokuwa bado na kumbukumbu ya kamba ile. Kwa sababu hiyo inatupasa sisi kuliko wengine kuwafundisha vijana wa sharika kuuliza, filamu inapokwisha: Ni nani aliyeuawa? Aliitwa nani? Alipewa nafasi ya kusema? Mbele za Mungu aliyeisikia damu ya Habili ikilia kutoka ardhini, maswali hayo ni sehemu ya imani yetu.