Je, Wajua? Unga wa Embe Kavu Hukoleza Uji

Je, wajua kuwa embe la msimu wa mvua huko Nchelenge, Zambia, kando ya Ziwa Mweru, linaweza kutia utamu katika uji wa muhogo hata kiangazi?

Zaidi ya asilimia 80 ya embe bivu ni maji. Likikatwa vipande vyembamba, likakaushwa na kusagwa, hubaki unga mtamu wenye nyuzinyuzi, potasiamu na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Sukari nyeupe haina nyuzinyuzi. Hata vitamini A iliyomo katika sukari ya Zambia huongezwa kiwandani, kwa agizo la serikali la mwaka 1998.

Kausha kivulini, penye hewa, chini ya chandarua safi: jua kali huharibu karotini.

Ukikoroga unga huo katika uji, ongeza karanga zilizosagwa: mafuta yake husaidia mwili kufyonza karotini.

Pima unga wa embe kwa kijiko: zaidi ya nusu ya uzito wake bado ni sukari ya tunda. Mwenye kisukari auhesabu kama sukari.